Alice B. Toklas alikuwa anapika au anaomboleza? Uzi wa kitabu kimoja cha mapishi

Kikaango cha Udongo #1

Habari za jioni wakuu.

Nimemaliza kusoma, kwa mara ya pili, kitabu cha mapishi cha Alice B. Toklas cha mwaka 1954. Nina hoja naomba tuijadili bila haraka.

Kwa wasiomjua: Alice alizaliwa San Francisco mwaka 1877, akafika Paris mwaka 1907, na huko akakutana na mwandishi Gertrude Stein, Mmarekani mwenzake. Hawakuachana tena mpaka Gertrude alipofariki Julai 1946. Karibu miaka 39. Nyumba yao ya rue de Fleurus, namba 27, ilijaa picha za wachoraji Picasso, Matisse na Cézanne hata kuta hazikuonekana. Gertrude alikaa sebuleni na wanaume wenye majina makubwa. Alice alikaa na wake zao, na ndiye aliyejua chakula kitatoka saa ngapi.

Hoja yangu ni kwamba kile si kitabu cha mapishi. Ni eda. Mwanamke aliyefiwa na mwenzake, na hakuna sheria wala ofisi iliyomtambua kuwa ni mjane, aliandika ndoa yake kwa njia pekee ambayo hakuna ambaye angemuuliza: siagi kiasi gani, mayai mangapi, na nani alikuwa mezani. Karibu kila mlo una "sisi". Tulikula, tulialikwa, tulirudi.

Marehemu bibi yangu alikuwa na daftari la mapishi, la mistari, kurasa zimeshikana kwa samli. Hakuandika "keki ya ndizi". Aliandika "keki ya jirani wa mlango wa bluu". Nilipomsoma Alice nililiona daftari lile. Semeni.

Mzee wa Kahawa #2

Nakubali kwa sehemu, ila umekosea mwaka. Kitabu cha Alice kilitoka 1933. Ndicho kilichowapa umaarufu.

Msomaji wa Usiku #3

Mzee wa Kahawa, hapana. Cha 1933 kinaitwa wasifu wa Alice B. Toklas ulioandikwa na yeye mwenyewe, lakini mwandishi wake ni Gertrude. Gertrude aliazima sauti ya Alice akajisimulia humo. Cha mapishi ndicho Alice alichokiandika kwa mkono wake, akiwa na miaka 77.

Ukiweka vitabu hivyo viwili kando kwa kando, hoja ya #1 inabadilika kidogo. Kwangu hii si eda. Ni mtu kudai sauti yake irudi. Miaka 21 watu walimsoma "Alice" ambaye si Alice.

Pwani Kavu #4

Huyu si ndiye mama wa keki za bangi? Mbona mnazunguka wakati jambo lenyewe linajulikana.

Kikaango cha Udongo #5

Pwani Kavu, nilijua utakuja na hilo. Pishi lile si lake, na si keki. Lilitumwa na rafiki yake Brion Gysin, msanii aliyekuwa akiishi Tangier, nalo limo kwenye sura ya mapishi ya marafiki. Toleo la Uingereza lilichapishwa nalo, toleo la kwanza la Marekani likaliacha. Halipikwi hata kwenye oveni. Unatwanga pilipili manga, kungumanga, mdalasini na giligilani, unachanganya na tende, tini, lozi na karanga zilizokatwakatwa, kisha siagi na sukari, na hiyo bangi. Unaviringa vidonge.

Inaniuma kwamba mwanamke alipika karibu miaka 40 na dunia ikamshika kwa kitu ambacho hakukibuni.

Mjukuu wa Forodhani #6

Subiri. Tende, lozi, viungo, bangi, unaviringa vidonge? Hiyo ni majuni! Neno limo kwenye kamusi zetu. Wamoroko nao wanaita hivyohivyo, kwa matamshi yao. Limetoka Uarabuni, likaenda magharibi likafika Tangier, likaja kusini likafika kwetu. Wazee wa Unguja walilijua jambo hili kabla Alice hajazaliwa. (Sisemi walilila.)

Pwani Kavu #7

Haya nimekubali, ni majuni. Mjukuu, "sisemi walilila" umeiandika haraka sana ndugu yangu.

Hesabu Kwanza #8

Wakuu mnasahau jambo la kawaida kabisa: njaa.

Gertrude katika wosia wake alimpa Alice haki ya kutunzwa na mali maisha yake yote, lakini picha zingerithiwa na mtoto wa kaka yake, na baada yake watoto wake. Aliyeshika mirathi alikuwa wakili Baltimore, ng'ambo ya bahari. Alice alikaa ndani ya nyumba yenye picha za Picasso ukutani huku akihangaikia makaa ya kupashia chumba joto. Angekuwa mke kwa cheti angekuwa na la kusema mbele ya hakimu. Hakuwa nacho. Akaandika kitabu ili kiuzwe.

Mwaka 1961, alipokuwa Rumi, warithi wakaja wakaziondoa picha zote. Aliporudi alikuta kuta zina alama tu za mahali zilipokuwa zimetundikwa. Kwa hiyo kabla hatujasema eda, tuseme riziki.

Mzee wa Kahawa #9

Yaani waliiba.

Hesabu Kwanza #10

Hawakuiba, kisheria wao ndio warithi. Ndiyo uchungu wenyewe.

Bi Mkubwa wa Jikoni #11

Salaam. Mwanangu Kikaango, naomba nikurekebishe kwa upole. Eda ni miezi minne na siku kumi, ina mwanzo na mwisho, na inakulinda: watu wanakuletea, hutoki kutafuta. Alice hakuwa na eda. Hakuna aliyemketisha ndani, hakuna aliyemwambia sasa imekwisha, amka. Aliomboleza miaka 20 mpaka alipokufa mwaka 1967. Usiite eda kitu ambacho alinyimwa.

Kikaango cha Udongo #12

Bi Mkubwa, nimepokea. Umesema vizuri kuliko mimi.

Mtu wa Msimamo #13

Mimi nauliza tu, kuna haja gani ya kuleta mambo haya kwenye jukwaa la mapishi? Hayo si ya kwetu. Hapa tuje na pilau.

Msomaji wa Usiku #14

Mkuu, hakuna aliyekulazimisha kubadili imani yako. Lakini tunajadili mtu, kitabu na jiko. Na kuhusu "ya kwetu": kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya, kinachotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja na kutajwa kila mara kwenye mjadala huu, kilitoka kwenye kanuni za Mwingereza. Ufaransa walikuwa wameifuta adhabu hiyo tangu 1791, na naona ni sababu mojawapo ya Wamarekani wengi wa aina ya Alice kuikimbilia Paris. Sheria zina safari zake, sawa na majuni ya Mjukuu.

Pilau ilete pia, haizuiliwi.

Chungu Kimoja #15

Nichomekee jambo la lugha. Mama yangu wa Tanga akisema "shoga yangu anakuja", anamaanisha rafiki yake wa kike, basi, wa kukaa naye barazani na kuchambua mchele. Siku hizi wasichana wa mjini wanaona haya kulitamka. Na neno wanaloitwa wanawake wapendanao limetokana na kusaga, kitenzi cha jiko na jiwe. Waarabu nao wana neno lenye maana hiyohiyo. Mara nyingi linatamkwa kama tusi, ndiyo maana mimi silitumii kumwita mtu. Ila nikiwaza juu ya Alice na kinu chake cha pilipili manga, naona lugha yenyewe imewaweka watu hawa jikoni tangu zamani.

Nahodha Mstaafu #16

Nimefanya kazi melini miaka mingi, kwa hiyo niongezee kitabu kingine. Mwaka 1965 huko Los Angeles kilichapishwa kitabu cha mapishi kilichojitangaza wazi kwenye jalada kuwa ni cha mashoga. Aliyekiandika alijiita Lou Rand Hogan, naye alikuwa amepika kwenye meli za abiria za kampuni ya Matson, zile zilizokuwa zikienda Hawaii.

Muuone mwaka huo ulivyokuwa. Illinois peke yake ndiyo ilikuwa imefuta adhabu, tangu 1962. Majimbo mengine yote, polisi waliweza kuingia baa na kuzoa watu. Sasa mtu anakuja na kitabu kinachosema: kaa kwako, funga pazia, alika marafiki, pika nyama hivi. Kimejaa mizaha na lahaja yao ya ndani. Nahisi wengine wanakidharau kwa sababu ya mizaha hiyo. Mimi siwezi. Mabaharia na wahudumu wa meli tunajua lugha ya ndani ni nini: ni namna ya kumjua mwenzako bila kumuuliza.

Kuna mpishi mmoja nilisafiri naye, wa Pwani, sitamtaja. Kila Ijumaa alimwekea ukoko wa wali kijana mmoja wa injini, amefunika kwa sahani, juu ameweka pilipili mbuzi moja. Miaka mitatu. Sikuwahi kuuliza. Leo ndiyo nasema.

Mjukuu wa Forodhani #17

Nahodha. Hilo la pilipili mbuzi limenikaa.

Mtu wa Msimamo #18

Labda walikuwa ndugu tu.

Nahodha Mstaafu #19

Labda. Ndiyo nimesema sikuuliza.

Nesi wa Ziwa #20

Shukrani kwa uzi. Mimi naomba tuondoke Paris kidogo.

San Francisco, 1985. Mama mmoja mstaafu, Ruth Brinker, mwenye wajukuu, alikuwa na rafiki msanifu majengo aliyeugua Ukimwi. Marafiki walipeana zamu za kumpikia. Zamu zikakatika, na mgonjwa alikuwa hana nguvu ya kufika jikoni. Baada ya kifo chake mama huyo akaanza kupika mwenyewe, watu saba kwa kuanzia, akawapelekea chakula cha moto mlangoni. Ndivyo lilivyoanza shirika la Project Open Hand, na lipo mpaka leo. Wengi wa wagonjwa wa mwanzo walikuwa mashoga waliokatwa na familia zao. Yeye hakuwa mmoja wao. Alikuwa na sufuria.

Kwetu Kagera wagonjwa wa kwanza wa nchi waliripotiwa mwaka 1983. Nilianza kazi baadaye, lakini niliyakuta. Nilikuwa nikitembelea nyumba za wagonjwa na ndoo ya uji. Nilichokiona: jirani anampelekea mgonjwa ndizi na maharage, anaiacha sahani kizingitini, na sahani ile harudi kuichukua. Ukiingia ndani unakuta sahani za watu saba, nane, zimepangwa safi kabisa, mgonjwa amezisugua kwa majivu, anasubiri wenyewe waje. Hawaji. Mimi nilikuwa nazibeba kuzirudisha, na wengine walikataa kuzipokea.

Kwa hiyo mkiuliza chakula kina uhusiano gani na watu waliotengwa, mimi naangalia sahani inayorudi na isiyorudi.

Bi Mkubwa wa Jikoni #21

Mungu akulipe, Nesi.

Kona ya Baa #22

Kuna pia upande wa kukataa kula. Mwaka 1977 mwimbaji Anita Bryant, aliyekuwa uso wa matangazo ya machungwa ya Florida, aliongoza kampeni kaunti ya Dade kufuta kanuni iliyowalinda mashoga wasibaguliwe kazini na kwenye nyumba za kupanga. Baa zao nchi nzima zikaacha kuuza juisi ya machungwa. Kile kinywaji cha vodka na machungwa wakakitengeneza kwa juisi ya tufaha, wakakipa jina la mama huyo. Kampeni yake ilishinda kura, lakini mkataba wake wa matangazo haukudumu sana baada ya hapo.

Mwana wa Mpishi #23

Nimesoma kimya kurasa zote, sasa nina dukuduku. Mnasema Alice alipika. Wakati mwingi hakupika, alipikiwa.

Babu yangu alipikia nyumba za Wazungu Moshi tangu ujana wake mpaka mvi. Waliokula pai zake walimwita boi akiwa na wajukuu. Kuna mama wa nyumba mmoja alikuwa na kitabu chake cha mapishi, na nusu yake ni mikono ya babu. Jina lake halimo.

Alice angalau ana sura nzima ya watumishi. Mmoja wao ni Hélène. Ndiye yule aliyekasirika Matisse alipokuwa na tabia ya kuuliza chakula cha jioni ni nini kabla hajaamua kubaki. Akasema usiku huo hapiki kimanda, atakaanga mayai. Mayai ni yaleyale, siagi ni ileile, ila heshima ni ndogo, na Mfaransa ataelewa. Halafu wapo Trac na Nguyen, wapishi waliotoka Indochina. Kifaransa cha Trac kilikuwa kidogo, akawa anaita vitu kwa kukana: sitroberi ni "si cheri", nanasi ni "pea si pea". Alice anayasimulia kwa kufurahisha wageni. Mimi sikucheka. Namwona mtu aliye mbali na kwao, analipwa kupika, anatafuta neno.

Naomba mliweke hilo mezani pia, pamoja na mapenzi yao.

Kikaango cha Udongo #24

Mwana wa Mpishi, umenishika pabaya na ni haki. Nilisoma sura ile nikaipita. Ila nitasema hili: hadithi ya mayai na Matisse tunaijua kutoka kile cha 1933, cha Gertrude. Msomaji wa Usiku atanisahihisha.

Msomaji wa Usiku #25

Ndiyo, ile ya mayai ni ya 1933. Trac ni wa kitabu cha mapishi. Na Jumapili jioni Hélène akiwa mapumzikoni, Alice alipika mwenyewe, tena vyakula vya Kimarekani: kuku wa mchuzi, mkate wa mahindi, pai. Gertrude alikuwa na hamu ya kwao. Vita vya pili vilipokuja, huko mashambani Bugey walikojificha, Alice ndiye aliyelima mboga na kutafuta chakula. Walikuwa wanawake wawili Wayahudi, wazee, chini ya utawala wa Wajerumani. Sura ile nikiisoma nasahau hoja zetu zote.

Hesabu Kwanza #26

Nimerudi kujipinga mwenyewe. Nimeangalia dibaji. Anasema alikiandika katika miezi mitatu ya kwanza ya ugonjwa wa manjano, akiwa kwenye mlo wa mgonjwa. Mtu ambaye haruhusiwi kula siagi anaandika siagi. Inaweza kuwa riziki, inaweza kuwa njaa ya ulimi tu.

Chungu Kimoja #27

Au kumbukumbu ya mikono. Mimi nikiugua ndipo nakumbuka chapati za marehemu mama.

Mswahili wa Connecticut #28

Huku Bridgeport wanawake wapendanao walianzisha mwaka 1977 mgahawa ulioitwa Bloodroot. Hakukuwa na nyama wala wahudumu, ulichukua chakula chako na kurudisha sahani mwenyewe. Walitoa vitabu vya mapishi kuanzia 1980. Wao hawakuficha kitu ndani ya siagi kama Alice, walisema waziwazi kwamba kupika ni siasa. Nikilinganisha, simlaumu Alice. Kila mtu na dari aliyokutana nayo.

Nesi wa Ziwa, hapo kwenye kurudisha sahani nilikukumbuka.

Nahodha Mstaafu #29

Nilipita Paris mwaka fulani tukiwa na siku mbili bandarini Le Havre. Nilikwenda makaburi ya Père Lachaise. Jiwe lina jina la Gertrude mbele. Jina la Alice lipo nyuma ya jiwe hilohilo, lazima uzunguke. Niliona kokoto watu wameweka juu, na mtu alikuwa ameacha limau.

Mtu wa Msimamo #30

Msimamo wangu ni uleule. Ila naomba mnieleze yule samaki ambaye Alice alimpikia Picasso, mnayemtaja kila uzi, alipikwaje? Nina tewa kwenye friji.

Pwani Kavu #31

Karibu jikoni mkuu, tulikuwa tunakusubiri.

Kikaango cha Udongo #32

Alice alifuata kanuni ya bibi yake: samaki ameishi majini, akishavuliwa asirudishwe tena majini. Basi akamchemsha taratibu kwenye mvinyo mweupe wenye vitunguu, karoti, basibasi na pilipili manga nzima. Akamwacha apoe, akamfunika kwa mayonezi, akachora michoro kwa mayonezi mengine aliyoyatia rangi nyekundu kwa nyanya ya kopo, juu mayai ya kuchemsha yaliyochekechwa, kiini mbali na ute mbali, uyoga wa ardhini na majani ya kijani. Picasso akasifu uzuri wake, kisha akasema samaki huyu alistahili kupewa Matisse, si yeye.

Mtu wa Msimamo #33

Mvinyo mimi hapana.

Bi Mkubwa wa Jikoni #34

Tia tui zito la kwanza, usitie tone la maji. Bibi yake Alice angekubali. Samaki hajarudi majini.

Mjukuu wa Forodhani #35

Bi Mkubwa kila uzi unaufikisha kwenye nazi!

Mtu wa Msimamo #36

Nimerudi. Tewa nimempika kwa tui, basibasi nilipata kwa muuza viungo sokoni. Mayonezi yaliteleza kwa sababu sikusubiri apoe, nikarudia. Mke wangu ndiye aliyechora, maua mekundu kuanzia kichwani hadi mkiani. Watoto walikataa kumkata. Tulikaa tunamwangalia kama dakika kumi hivi.

Mke wangu ameuliza, yule Alice aliandika alikula kipande gani? Nimemwambia nitawauliza.